Shajara ya mradi: mwaka mmoja wa vitabu na mikate

Mradi huu una pande mbili zinazotumia saa zilezile: kusoma na kuoka nyumbani. Kilichoziunganisha ni muda wa kungoja. Mkate wa hamira unahitaji mikono kwa dakika 25 hivi. Saa mbili na zaidi zinazobaki, donge linajifanyia kazi lenyewe. Saa hizo ndizo zilizogeuzwa kuwa za kusoma, na pande zote mbili zikaandikwa katika daftari moja. Yaliyomo humu ni vipimo vilivyothibitika, kasoro zinazojirudia pamoja na sababu zake, na kazi ambayo bado inaendelea.

Januari: mizani, kipimajoto, daftari

Vifaa vilivyotangulia ni vitatu: mizani inayosoma gramu moja moja, kipimajoto cha kuchomeka ndani ya donge au mkate, na kipimajoto cha kukaa ndani ya oveni. Kikombe cha kupimia kiliwekwa kando tangu mwanzo. Kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa gramu 120 ukikijaza kwa kijiko polepole, au gramu 150 ukikichovya mfukoni na kushindilia. Tofauti hiyo ya robo nzima inatosha kugeuza donge laini kuwa gumu, na lawama ikaangukia hamira isiyo na kosa.

Oveni nayo ipimwe kabla ya kuaminiwa. Iwashe kwa nyuzi 180, iache dakika 30, kisha soma kipimajoto kila baada ya dakika 5, mara sita, uchukue wastani. Usomaji mmoja hautoshi kwa sababu oveni huwaka na kujizima, na joto hupanda na kushuka. Kwa oveni za nyumbani, tofauti ya nyuzi 20 kati ya kitufe na joto halisi si jambo la ajabu. Kutafuta upande wenye moto mkali, panga vipande vya mkate kwenye trei nzima, viweke ndani mpaka vianze kubadilika rangi, halafu tazama vilivyotangulia kuwa vya kahawia. Ukishaujua upande huo, utageuza chombo baada ya theluthi mbili za muda wa kuoka.

Daftari lilipangwa hivi: ukurasa wa kushoto ni wa kuoka, wa kulia ni wa kusoma. Kushoto huandikwa joto la chumba, joto la unga, joto la maji, joto la donge baada ya kukanda, muda wa kila hatua, joto la ndani mkate unapotolewa, na uzito kabla na baada ya kuoka. Kulia huandikwa ukurasa ulipoanzia, ulipoishia, sentensi moja ya ulichokisoma bila kufungua kitabu, na swali moja lenye namba ya ukurasa. Sentensi hiyo ya bila kuchungulia ndiyo yenye thamani kuliko yote. Ikikataa kuja, kurasa hizo zilipita machoni tu.

Februari hadi Aprili: mkate mmoja, tena na tena

Robo hii yote ilipewa mkate mmoja wa kawaida. Waokaji huhesabu kila kiungo kama asilimia ya uzito wa unga, unga wenyewe ukiwa 100. Mkate wa msingi:

Unga wa ngano gramu 500 (asilimia 100)
Maji gramu 325 (asilimia 65)
Chumvi gramu 10 (asilimia 2)
Hamira kavu ya papo hapo gramu 5 (asilimia 1)

Jumla ni gramu 840, zinazoingia vizuri katika chombo cha mstatili cha sentimita 23 kwa 13.

Joto la maji ndilo jambo ambalo mapishi mengi hulipitia juu juu kwa kusema “maji ya uvuguvugu”. Linalotafutwa ni joto la donge lenyewe baada ya kukandwa, nyuzi 25 hivi. Zidisha 25 kwa 3 upate 75, toa joto la chumba, toa joto la unga. Kinachobaki ni joto la maji. Chumba kikiwa na nyuzi 28 na unga 27, maji yawe 20, na ukikanda kwa mikono shusha nyuzi moja au mbili kwa sababu ya msuguano. Chumba na unga vikiwa 18, maji yawe 39. Mashine ya kukandia huongeza joto zaidi ya mikono, kwa hiyo pima donge baada ya kukanda mara ya kwanza ujue mashine yako inaongeza kiasi gani. Mtu anayetumia maji ya uvuguvugu katika chumba cha joto hupata donge la nyuzi 30 na kitu, linaloumuka kwa kasi, na mkate wake unakuwa hauna ladha.

Hatua zake: changanya unga na maji peke yake mpaka pasibaki unga mkavu, funika, acha dakika 20 hadi 30. Mapumziko haya yalienezwa na Raymond Calvel, mwalimu wa uokaji wa Ufaransa. Unga hunywa maji, gluteni (protini ya ngano inayolipa donge mvutano na kushika hewa) huanza kujiunga yenyewe, na muda wa kukanda hupungua. Chumvi huachwa nje kwa sababu hukaza gluteni mapema. Kisha ongeza hamira na chumvi, kanda dakika 8 hadi 10. Kupima kama imetosha, kata kipande kidogo, kivute kwa vidole vya mikono miwili polepole huku ukikizungusha. Kikitandika utando mwembamba unaopitisha mwanga, acha kukanda. Kikikatika kwa kingo zilizochanika chanika, endelea dakika mbili na upime tena.

Funika mpaka donge liwe mara mbili, dakika 60 hadi 90. Tumia chombo chenye kuta zilizonyooka na uweke alama ya kalamu mahali donge lilipoanzia, maana bakuli pana hudanganya macho. Toa hewa kwa kulikunja, viringisha kwa kulivuta juu ya meza lijikaze, weka kwenye chombo, acha dakika 40 hadi 50. Kabla ya kuoka, bonyeza kwa kidole kilichopakwa unga. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi polepole na kuacha alama, peleka ovenini. Lisiporudi kabisa, limepitiliza. Lioke hapohapo bila kulichana juu, kwa sababu mchano utaliporomosha.

Oka nyuzi 220 kwa dakika 10, kisha 200 kwa dakika 25. Joto la ndani lifike 94 hadi 96. Uzito upungue asilimia 10 hadi 15 kutoka uzito wa donge. Ukipungua chini ya hapo mkate utakuwa na unyevu wa kunata katikati. Usiukate kabla ya saa moja, maana wanga bado unajikaza, na kisu kitatoka na utando wa gundi.

Sasa upande wa vitabu. Muda wa kuumuka kwa kwanza ndio mrefu na usio na usumbufu, kwa hiyo ndio uliopewa kitabu kizito. Kwa mwendo wa maneno 200 kwa dakika na ukurasa wa maneno 300, dakika 75 ni kurasa 50 za riwaya. Kitabu cha kitaalamu chenye michoro na majedwali huchukua dakika tatu au nne kwa ukurasa, yaani kurasa 20 hivi. Muumuko wa pili ukapewa mashairi au hadithi fupi, vitu vinavyoweza kukamilika katika kikao kimoja. Dakika za kuoka zikaachiwa kunakili maelezo, kwa kuwa mtu hatulii na kitabu huku pua inasikiliza ganda. Kengele ya saa iwekwe kila mara. Bila hiyo, msomaji mzuri atapitisha donge, na mwokaji mwenye wasiwasi atainua macho kila ukurasa.

Kitabu kikae meza nyingine. Unga ukidondoka kwenye ukurasa, upanguse mkavu kwa brashi laini, usitumie kitambaa chenye maji, kwa sababu unga ukilowa hugeuka gundi na kubandika kurasa. Siagi ndiyo hatari zaidi: karatasi hunyonya mafuta mara moja na doa halitoki.

Mei na Juni: chachu ya asili

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na karibu wote hukatia tamaa siku ileile. Siku ya kwanza changanya gramu 50 za unga wa ngano nzima na gramu 50 za maji katika mtungi wa kioo, funika bila kukaza. Siku ya pili au ya tatu mchanganyiko hufura kwa nguvu na kutoa harufu mbaya. Hiyo si chachu bado. Ni bakteria wa mwanzo, wakiwemo wa jenasi Leuconostoc, wanaotoa gesi nyingi kabla uchachu haujawa mkali. Siku ya nne au ya tano kila kitu hutulia, mtungi unaonekana umekufa, nao hutupwa. Ukimya huo ndio dalili njema: uchachu umepanda, bakteria wa mwanzo wamezuiwa, na chachu inayovumilia uchachu inaanza kushika nafasi. Endelea kila siku kubakiza gramu 25, ongeza unga 50 na maji 50. Kati ya siku ya 7 na ya 14 itaanza kuwa mara mbili ndani ya saa 4 hadi 6 kwa nyuzi 25 au 26. Ikifanya hivyo siku tatu mfululizo, iko tayari kuinua mkate.

Dalili nyingine za mtungini: maji ya kijivu juu ni njaa, yachanganye tena na uongeze lishe. Harufu kali kama ya rangi ya kucha pia ni njaa. Michirizi ya waridi au ya rangi ya chungwa, au ukungu wenye manyoya, ni uharibifu; tupa yote, osha mtungi kwa maji ya moto, anza upya. Usichote “sehemu nzuri” ya chini.

Katika chumba chenye joto chachu humaliza chakula chake upesi. Uwiano huo wa 1:2:2 (chachu, unga, maji) ukiisha nguvu ndani ya saa chache, tumia 1:5:5: chachu gramu 10, unga 50, maji 50. Mtungi usiotumika ukae friji na ulishwe mara moja kwa wiki.

Mkate wake: unga gramu 450, maji 290, chachu iliyokomaa 100, chumvi 10. Kwa kuwa nusu ya chachu ni unga na nusu ni maji, hesabu kamili ni unga 500 na maji 340, yaani asilimia 68. Usipoihesabu chachu namna hii, maji yatakupotea kila utakapobadilisha kiasi chake. Badala ya kukanda sana, likunje donge kila dakika 30 kwa saa mbili za mwanzo: lowesha mkono, shika upande mmoja, vuta juu, laza katikati, zungusha bakuli robo, rudia mara nne. Muumuko wote ni saa 4 hadi 6 kwa nyuzi 25. Acha liongezeke nusu hadi robo tatu, si mara mbili, kisha umba na uweke friji yenye nyuzi 4 kwa saa 8 hadi 16. Oka katika sufuria nzito yenye mfuniko iliyopashwa moto: nyuzi 240 dakika 20 ikiwa imefunikwa, kisha 220 dakika 20 hadi 25 ikiwa wazi. Mvuke unaofungiwa ndani huacha ganda likiwa laini muda wa kutosha donge lipande.

Kata mkate na usome ndani yake. Matundu machache makubwa yaliyozungukwa na sehemu nzito iliyobanana: muumuko ulikatizwa mapema. Mkate uliotandaa, wenye matundu madogo, ganda lililopauka na uchachu mkali: muumuko umepitiliza, asidi na vimeng’enya vimedhoofisha gluteni, na sukari ya kulipa ganda rangi imeliwa. Rangi hiyo hutokana na sukari na amino asidi kuungana kwa moto, jambo ambalo mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Kwa hiyo mkate uliopauka hautibiwi kila mara kwa kuongeza moto. Tazama kwanza saa za kuumuka.

Mikunjo ya kila dakika 30 iliathiri usomaji. Vipande vifupi namna hiyo havifai kitabu cha hoja ndefu. Vinafaa insha na tamthilia kwa onyesho moja moja. Kitabu kirefu kilihamishiwa usiku, donge likiwa friji na hakuna kengele.

Julai: keki

Keki ya siagi ilitumia uzito sawa: siagi 200, sukari 200, unga 200, na mayai manne, ambayo bila maganda hukaribia gramu 200. Ongeza bekingi pauda gramu 8, chumvi gramu 2, maziwa gramu 30. Siagi iwe nyuzi 18 hadi 20: kidole kiache alama bila kuzama. Ikilainika kupita hapo haishiki hewa, na kupiga kwa muda mrefu hakusaidii. Piga siagi na sukari dakika 4 hadi 5 mpaka ipauke, ongeza yai moja moja yakiwa na joto la chumba. Mchanganyiko ukikatika, mayai yalikuwa baridi. Tia kijiko kimoja cha unga na uendelee. Unga ukishaingia, geuza kwa mwiko mpaka usionekane, basi. Kupiga zaidi hujenga gluteni na kuacha mahandaki marefu ndani ya keki. Chombo cha duara cha sentimita 20 chenye kina, nyuzi 165, dakika 50 hadi 60.

Katikati ikizama, sababu ni tatu za kawaida: haijaiva, bekingi pauda imezidi, au mlango umefunguliwa kabla keki haijashika. Juu ikipasuka kama mlima, moto ni mkali na kingo zimeganda kabla ya katikati. Bekingi soda si mbadala wa moja kwa moja. Inahitaji kitu chenye asidi kama maziwa ya mgando, na ikizidi huacha ladha ya sabuni. Bekingi pauda ya zamani ijaribiwe kwa nusu kijiko katika maji ya moto: ifurike papo hapo.

Kubadilisha chombo ni hesabu ya eneo. Kutoka duara la 20 kwenda la 25: 25 mara 25 ni 625, 20 mara 20 ni 400, kwa hiyo zidisha viungo kwa 1.56, mayai 4 yanakuwa 6. Kutoka duara la 20 kwenda mraba wa 20, zidisha kwa 1.27.

Agosti

Joto, oveni kidogo, vitabu vingi. Kanuni ya kuacha kitabu iliwekwa wazi: kurasa 50, kisha uamuzi, na sababu ya kuacha iandikwe. Kitabu kilichoachwa bila sababu huombwa tena na kuachwa tena.

Septemba na Oktoba: kusoma mapishi kama msomaji

Kwa maoni yetu, hii ndiyo faida kubwa kuliko zote za mwaka. Pishi lisomwe mara tatu kabla ya kugusa bakuli. Mara ya kwanza geuza kila kiungo kuwa asilimia. Chumvi ya mkate hukaa karibu na 1.8 hadi 2.2, ukikuta 5, kuna kosa la chapa. Hamira kavu ya asilimia 3 katika mkate usio na sukari inaficha haraka ya mwandishi. Sukari ikipita asilimia 10 hivi huvuta maji kutoka kwa hamira na kuichelewesha, kwa hiyo muda ulioandikwa lazima uwe mrefu. Usipokuwa mrefu, pishi halikujaribiwa ipasavyo. Siagi ikiwa nyingi, angalia kama mwandishi anaiingiza mwishoni baada ya kukanda, kwa sababu mafuta yakitangulia huzuia gluteni kujiunga. Unga wa ngano nzima bila maji ya ziada ni alama nyingine ya hatari: pumba hunywa maji na kuchelewa kuyanywa.

Mara ya pili tafuta nyuzi zote za joto na uone zilizokosekana. Mara ya tatu soma vitenzi tu. Pishi linalosema “acha saa moja” bila kusema donge lionekaneje limekuachia nusu ya kazi.

Upande wa kusoma uliingizwa kadi za kujikumbusha yaliyosomwa: mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha jinsi tunavyosahau kwa kasi mwanzoni kisha taratibu baadaye. Kwa hiyo sentensi za daftari zilirudiwa baada ya siku moja, wiki moja na mwezi mmoja, kila mara swali likisomwa kwanza na jibu likiwa limefunikwa. Kadi moja, wazo moja, namba ya ukurasa. Kadi yenye mawazo matatu hujibiwa nusu na kuhesabiwa kuwa imejibiwa. Riwaya hazikuwekewa kadi za matukio. Ziliwekewa kadi ya mhusika mmoja na uamuzi mmoja aliofanya, na hizo ndizo zilizodumu kichwani.

Novemba: kuhifadhi

Mkate usiwekwe friji. Wanga hujipanga upya na kukauka haraka zaidi katika nyuzi chache juu ya sifuri kuliko mezani. Upoze kabisa, ukate vipande, ufunge bila hewa, weka friza. Kuupasha moto mpaka ndani upite nyuzi 60 hurudisha ulaini kwa muda mfupi.

Kwenye joto na unyevu kuna ugonjwa wa kamba: ndani ya mkate hunata, hutoa nyuzi ukiuvuta, na hunuka tunda lililoiva kupita kiasi. Husababishwa na Bacillus subtilis na jamaa zake, ambao mbegu zao huhimili joto la kuoka. Tupa mkate wote, osha vyombo na meza kwa siki. Siki ya asilimia 1 ya unga ndani ya donge, au chachu ya asili, huwazuia.

Desemba: kinachoendelea

Jaribio lililo wazi ni la ngano nzima asilimia 50. Maji sasa ni asilimia 72, yatapandishwa kwa 2 kila mara, kila kingine kikibaki vilevile, mpaka donge lishindwe kusimama kwenye meza. Kisha yarudishwe hatua moja. Mapumziko kabla ya chumvi yameongezwa hadi dakika 45 ili pumba zilainike na kupunguza kukata nyuzi za gluteni. Ukurasa wa kulia una kitabu kimoja tu kwa kipindi chote cha jaribio, kuhusu kilimo cha nafaka, kinachosomwa sura moja kwa kila mkate. Swali la kadi ya sasa: kwa nini unga wenye protini nyingi kwenye lebo bado unaweza kutoa donge dhaifu?